Riwaya na filamu za upelelezi ninazozipenda kuliko zote: uzi wa mwandishi aliyekuwa karani wa mahakama

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nilipoweka sehemu ya mwisho ya hadithi yangu hapa jukwaani, mdau mmoja aliniuliza: wewe unayetuletea mauaji kila Ijumaa, ukitaka kusoma unasoma za nani, na ukikaa mbele ya runinga unaangalia nini? Nilimjibu kwa mstari mmoja, na usiku ule sikulala vizuri. Swali lilistahili uzi mzima. Uzi ndio huu.

Kwanza mjue ninakotoka, maana mapenzi yangu yote yamezaliwa pale. Kabla ya kuandika nilikuwa karani wa mahakama, kwanza ya mwanzo kisha ya wilaya, jumla miaka 11. Kesi za mauaji hazisikilizwi kule chini, zinaletwa kutajwa tu. Mshitakiwa hatakiwi kujibu lolote. Mwendesha mashitaka anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine, karandinga linaondoka. Sentensi hiyo nimeiandika kwa mkono wangu mpaka vidole viliizoea. Na nyuma ya chumba wamekaa ndugu wa marehemu upande huu, ndugu wa mshitakiwa upande ule, na mara nyingi ni majirani waliopanda daladala moja kuja mjini. Wanajua mengi kuliko jalada. Hawasemi.

Ndiyo maana hadithi ya uhalifu inayonishika mimi ni ile inayojua kwamba ukweli uko kwa watu, na kazi ngumu ni kuutoa kwao. Bastola sizichukii, lakini haziniweki macho.

Naanza na mzee wetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tulimopata mpelelezi Bwana Msa. Tazameni jina hilo na herufi za kwanza za jina la mwandishi: M, S, A. Watu wengi wakimtaja Bwana Msa wanakimbilia kusema ni Sherlock Holmes wa Kiswahili, kwa sababu ya kiko chake na rafiki yake Najum anayetembea naye. Ufanano upo, sibishi. Lakini anayeishia hapo hajamsoma. Holmes anatazama tope kwenye kiatu. Bwana Msa anakaa, anazungumza, anamwacha mtu aseme mpaka ajifunge kwa ulimi wake. Na mafumbo anayoyafumbua yanahusu nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa wapi na kwa siri gani, nani amebadili jina. Kwa visiwani, hiyo ndiyo alama ya kidole.

Abdulla kabla ya uandishi wa magazeti alikuwa mkaguzi wa afya. Nilipolijua hilo nilisema, aha. Mkaguzi wa afya anaingia uani kwa watu. Anaona mitungi, anaona choo, anaona nani analala chumba kipi. Halafu kuanzia 1958 hadi 1968 akahariri gazeti la *Mkulima*, ambako ni lazima uandike Kiswahili cha kueleweka na mtu wa shamba. Viwili hivyo vyote vimo ndani ya Bwana Msa.

Naomba mnipe muda, naendelea.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimevuta kiti. Mzimu tulisoma shuleni, mwalimu alitaka tutaje dhamira na maudhui, hakuna aliyetuambia ni hadithi ya kuogopesha. Nimerudia nikiwa mtu mzima, nikasoma usiku, nikawasha taa ya nje.

#3 Mleta uzi

Umenigusa, mkuu. Maiti inapatikana kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita, na hofu hiyo ndiyo pazia la muuaji. Abdulla hakuwadharau wanaoogopa. Anawaacha waogope kwa heshima, kisha anamwonyesha msomaji taratibu nani anafaidika na hofu ile. Amefanya hivyo tena katika *Kisima cha Giningi* (1968). Mtu wa Pemba ukimtajia Giningi huna haja ya kumweleza, anaijua kuwa ndio mji wa wachawi katika masimulizi. Kuweka jina hilo juu ya jalada la hadithi ya upelelezi ni ujasiri mkubwa wa mwandishi.

Sasa naingia kwenye simu.

*Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla ilitoka 1965. Inspekta Wingo, Dar es Salaam, jiji linaloanza kujaa watu wasiojuana. Kwa Bwana Msa kila mtu ana babu anayejulikana. Kwa Katalambulla kuna sauti tu, inatoka kwenye waya, na hujui mwenyewe yuko wapi. Fikirieni simu ya mwaka ule ilikuwa kitu gani: ipo ofisini, ipo kwa mkubwa fulani, ukiisikia inalia unajua ni jambo zito. Mwandishi akakichukua chombo hicho cha kujivunia akakigeuza cha kuogopwa. Kila ninapoandika kisa chenye ujumbe wa simu ya mkononi namkumbuka yeye.

Na simu hiyo inanipeleka Japani. Akira Kurosawa alitoa mwaka 1963 filamu ambayo kwa Kijapani inaitwa *Tengoku to Jigoku*, yaani Mbinguni na Jahannamu, dunia inaijua kama *High and Low*. Tajiri wa kiwanda cha viatu, ameigiza Toshiro Mifune, anakaa nyumba ya juu kilimani, amekusanya fedha zake zote ili akinunue kiwanda. Simu inalia: tumemteka mwanao, tunataka yen milioni 30. Kisha mtoto wake anaingia chumbani mzima. Aliyetekwa ni mtoto wa dereva. Mtekaji amekosea, lakini fedha anazitaka zile zile.

Nusu ya kwanza ya filamu ni chumba hicho kimoja. Dereva amesimama pembeni, hathubutu kuomba. Ameinamisha kichwa. Anajua bosi wake akilipa anafilisika, asipolipa mtoto anakufa, na yeye ni dereva tu. Nimemwona mtu huyo mahakamani mara nyingi, mtu ambaye haki yake iko mikononi mwa anayemlipa mshahara, na hana sauti ya kuidai.

Nusu ya pili ni polisi wakifanya kazi. Hakuna shujaa mmoja, ni kundi la askari wenye mashati yaliyolowa jasho wanaripoti mmoja mmoja mbele ya mkuu wao. Mmoja amezunguka vibanda vya simu. Mwingine amepeleka mkanda wa sauti kwa mfanyakazi wa reli, na yule mzee anaposikia mlio wa treni nyuma ya sauti ya mtekaji anaitambua ni njia ipi. Raia ndiye aliyejua. Askari alichofanya ni kumfikia mtu sahihi na kumuuliza kwa adabu. Sehemu ile naipenda kuliko milipuko yote niliyowahi kuiona kwenye skrini.

#4 Mchangiaji

Mkuu, heshima yako, lakini mbona umepita pembeni ya Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Musiba? Sisi tuliolelewa na Musiba hatukubali. Kufa na Kupona tulikuwa tunakisoma watu wanne kitabu kimoja, aliyemaliza ukurasa anasubiri wenzake.

#5 Mleta uzi

Sijampita, nilikuwa namjia. Na nimekisoma hivyo hivyo, cha kuazima, jalada limeshatoka.

Elvis Musiba na *Kufa na Kupona* (1974), kisha *Kikosi cha Kisasi* (1979), *Kikomo*, *Njama* (1981), *Hofu*. Tukumbuke Dar es Salaam ya wakati ule ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walipita mitaa hii. Majasusi waliwafuata hapa hapa. Musiba hakuhitaji kubuni adui, adui alikuwepo. Willy Gamba akitoka Dar kwenda Nairobi au Kinshasa, msomaji alijua anapigania kitu cha kweli. Nafikiri hilo ndilo lililowafanya mkae watu wanne kwenye ukurasa mmoja, kuliko ngumi.

Ila nitasema ukweli wangu kama mwandishi: Willy Gamba namfurahia, simrudii. Nikishajua amepona, kitabu kimeisha. Wanawake wake wanapita haraka mno, na anayekufa hatuna muda wa kumlilia.

Wa kumrudia kwangu ni Ben Mtobwa. Mpelelezi wake, Joram Kiango, naye ana bastola, naye anapendwa na wanawake, lakini Mtobwa aliijua njaa. Jiji lake lina harufu. Joram anaudhi, anafanya mambo kwa siri mpaka Inspekta Kombora anamtilia shaka mtu aliye upande wake. Na *Tutarudi na Roho Zetu?*, ile alama ya kuuliza mwishoni mwa jina, jamani! Joram na mwenzake Nuru wanaingia Afrika Kusini ya makaburu, na kwa mara ya kwanza nikiwa kijana niliamini kwamba steringi, yaani shujaa wa kisa, anaweza asirudi. Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tulikuwa tunaambiana steringi hafi. Mtobwa aliniondolea usalama huo kwa alama moja ya uandishi.

Alifariki 2008, akiwa na miaka 50. Nilihuzunika kama niliyefiwa na ndugu, na sikuwahi kumwona.

#6 Mchangiaji wa Nairobi

Kaka, salamu kutoka Nairobi. Uzi mtamu. Lakini huku kwetu tuna Kiriamiti, na kuna Nairobi Half Life. Usipozitaja nitakasirika kabisa.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, usikasirike, zipo mezani.

John Kiriamiti alikuwa mwizi wa benki kwelikweli, akafungwa, akaandika akiwa gerezani, na *My Life in Crime* ikatoka 1984, mwaka aliotoka kifungoni. Kwa Kiingereza, ndiyo, lakini Kiingereza cha mitaa ya Nairobi. Mimi nilikisoma kama mtu anayesoma maelezo ya mshitakiwa ambaye hatimaye hakuna anayemkatiza. Kizimbani mshitakiwa anajibu anachoulizwa. Hapati nafasi ya kusema ilianzaje, alivaa nini, alimwogopa nani. Kiriamiti ameeleza, na hajaficha kwamba alifurahia. Hilo la mwisho ndilo linalonitia baridi, na ndilo linalonifanya nimwamini.

*Nairobi Half Life* ya David Tosh Gitonga (2012) nimeiangalia mara tano. Kijana Mwas, ameigizwa na Joseph Wairimu, kijijini kwao anauza mikanda ya filamu na kuwaigizia wateja vipande vyake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu, analala mahabusu, na huko mahabusu ndiko anakompata mtu wa kwanza wa kumsaidia, Oti, mkuu wa genge la kuiba vipuri vya magari. Oti ameigizwa na Olwenya Maina, ambaye tulimpoteza 2022. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya jukwaani, usiku anang'oa taa na vioo vya magari.

Ninachompendea Gitonga ni hiki: katika filamu nzima siku hiyo ya kwanza inafanya kazi. Mwas hakuamua kuwa mhalifu. Kila mlango aliougonga ulifungwa, na mmoja ukafunguka. Halafu polisi wanapoingia kwenye hesabu, na wao wana bei yao, unaona duara lote. Kenya iliipeleka kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, ya kwanza kwa nchi hiyo, na Kiswahili chake ni cha barabarani, kimechanganyika na Sheng na Kikuyu, kama watu wanavyozungumza. Waandishi wenzangu mnaowapa majambazi Kiswahili cha taarifa ya habari, tafadhali iangalieni.

#8 Mchangiaji

Umesema umekuwa karani miaka 11. Tupe kisa kimoja basi cha huko, ambacho kimekufundisha kuandika. Usitaje watu.

#9 Mleta uzi

Nitatoa kimoja, na kitanisaidia kufika kwenye filamu ya Kihindi niliyotaka kuisema.

Kesi ya wizi wa mbuzi, mahakama ya mwanzo. Mlalamikaji anasema mbuzi wake aliibwa, na mashahidi watatu walimwona mshitakiwa akimshusha mbuzi huyo gulioni, Jumapili. Watatu wote watu wazima, wanaoheshimika, hawana ugomvi na mshitakiwa. Hakimu anaandika, mimi napanga vielelezo, kila mtu ndani ya chumba ameshahukumu. Mzee mmoja wa baraza, kati ya wale wawili wanaokaa na hakimu, akaomba kuuliza. Akamwuliza mama aliyekuwa shahidi wa kwanza: "Mama, siku hiyo pale gulioni ulikula nini?"

Tukashangaa, swali gani hilo. Mama akajibu bila kufikiri: "Sikula kitu baba, nilikuwa nimefunga."

Mbuzi alikuwa ameibwa siku tisa baada ya Iddi.

Mama hakusema uongo. Wenzake hawakusema uongo. Walimwona mshitakiwa na mbuzi kweli, gulioni kweli, Jumapili kweli. Jumapili nyingine, mbuzi mwingine. Baada ya wizi walikaa wakazungumza, wakaunganisha, na kufikia siku ya ushahidi kila mmoja alikuwa na picha kamili kichwani ambayo hakuiona. Nimebeba siku hiyo mpaka leo.

Sasa chukueni *Drishyam*. Ya kwanza ni ya Kimalayalam, 2013, ya Jeethu Joseph, Mohanlal akiwa mhusika mkuu. Wengi wetu hapa tunaijua ile ya Kihindi ya 2015, Ajay Devgn na Tabu. Mtu mwenye biashara ya kebo ya runinga, hakusoma sana, shule yake ni filamu anazokesha nazo ofisini. Familia yake inaingia kwenye balaa la kifo. Nayo inabidi iwe mahali pengine tarehe 2 Oktoba, ndiyo ile tarehe ambayo kila aliyeiangalia anaijua kwa moyo. Huyu bwana hahongi mashahidi, hatishi mtu. Anachofanya ni kuzunguka siku chache baadaye kwa kondakta, kwa mwenye hoteli, kwa wa sinema, akipanda kumbukumbu kidogo kidogo, mpaka watu waaminifu wanaapa kwa dhati juu ya siku ambayo haikuwa.

Mimi niliyeona kisa cha mbuzi nilisimama sebuleni. Yule mwandishi amegundua kwamba shahidi hatari kuliko wote ni yule mkweli aliyekosea. Na ameijenga filamu nzima juu ya hilo, bila kutudanganya sisi watazamaji hata mara moja. Kila kitu tulionyeshwa, tulikuwa hatukitazami.

#10 Mchangiaji

Mkuu samahani, nina swali la msingi. Siku tisa baada ya Iddi, mama si angeweza kuwa anafunga sita za Shawwal, zile siku sita za suna baada ya Ramadhani? Mzee wa baraza alikata vipi shauri kwa jibu hilo tu?

#11 Mleta uzi

Swali zuri sana, na mzee hakuliacha nyuma. Aliuliza hilo hilo: "Sita, au Ramadhani yenyewe?" Mama akasema Ramadhani, alinunua na tende za kufuturu pale pale gulioni. Ndipo wale mashahidi wawili wengine wakaanza kutazamana. Mmoja akaomba kusema tena.

Bwana Msa angemkumbatia mzee yule.

#12 Mchangiaji (dada)

Kaka yangu, nafuatilia tangu ukurasa wa kwanza, na sijaona mwanamke anayepeleleza. Nuru umemtaja kwa pumzi moja na Joram. Tabu ni polisi mkubwa kwenye Drishyam na umempita. Sisi hatupelelezi?

#13 Mleta uzi

Dada, umesema haki na nimepokea. Tabu nilipaswa kumtaja: ni mkuu wa polisi na ni mama wa kijana aliyepotea, na kila anapokosea unajua ni umama unaomsukuma, na bado anakaribia ukweli kuliko askari wote walio chini yake.

Lakini ukiniuliza mpelelezi gani wa runinga ninayempenda kupita wote, wanaume na wanawake, ni Catherine Cawood wa *Happy Valley*, tamthilia ya Uingereza iliyoandikwa na Sally Wainwright, misimu mitatu, 2014 hadi 2023, Sarah Lancashire akiigiza. Na yeye hata si mpelelezi kwa cheo. Ni sajenti wa sare katika miji midogo ya bonde moja la Yorkshire. Anavunja ugomvi, anaokota vijana waliozidiwa na dawa za kulevya, anawajua kwa majina wao na mama zao.

Tukio la kwanza kabisa: kijana amejimwagia petroli kwenye uwanja wa watoto, ana kiberiti. Catherine anamsogelea na kuanza kujitambulisha. Anamwambia umri wake, kwamba ameachika, kwamba anaishi na dada yake ambaye dawa zilimharibu akaacha, kwamba ana watoto wawili, mmoja amekufa na mwingine hazungumzi naye. Anamwambia hayo ili kijana aone anayesimama mbele yake ni mtu. Dakika mbili, na tumeshampata mhusika mzima.

Huyo ndiye mjumbe wa nyumba kumi aliyevaa sare. Nimemfahamu mjumbe wa aina hiyo mtaani kwetu, mama mmoja marehemu sasa, aliyekuwa anajua nani hajarudi nyumbani kabla ya mke wake kujua. Riwaya ninayoiandika sasa imesimama juu ya mama huyo. Nilikuwa nimempa umbo la mwanaume kwenye rasimu ya kwanza. Nimembadilisha kabla ya swali lako, dada, lakini swali lako limenithibitishia.

#14 Mchangiaji

Na Agatha Christie? Kila mwandishi wa mauaji anamtaja.

#15 Mleta uzi

Namheshimu mno kwa ufundi. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa hospitalini, na sumu zake zina ukweli wa mtu aliyezipima kwa mkono. *The Murder of Roger Ackroyd* (1926) kila anayetaka kuandika aisome mara mbili mfululizo, ya kwanza kwa kushangaa, ya pili kwa kutafuta mahali alipokuchezea. Hutakuta sentensi ya uongo. Nimetumia mwezi mzima nikijifunza kutoka kitabu hicho. Lakini watu wake nawasahau, wakati dereva wa Kurosawa hanitoki. Nisiseme zaidi, mapenzi hayalazimishwi.

#16 Mleta uzi

Nimebakiza moja. Nimeiweka mwisho kwa sababu ni nzito na nilihitaji utulivu kuiandika.

*Memories of Murder*, Korea Kusini, 2003, ya Bong Joon-ho, Song Kang-ho akiwa askari wa kijijini. Imetokana na mauaji ya kweli ya wanawake huko Hwaseong, kati ya 1986 na 1991, wanawake 10. Filamu ilipotoka muuaji alikuwa hajapatikana.

Mwanzoni kuna tukio ambalo Mtanzania yeyote ataliona ni la kwao. Maiti iko shambani, watu wamejaa, watoto wanakimbia huku na huku, askari amepata alama ya kiatu kwenye vumbi na anapiga kelele ilindwe. Trekta linakuja taratibu. Linapita juu yake. Ushahidi umekwisha.

Kisha polisi, kwa kukosa ushahidi, wanaanza kuutengeneza. Wanamchukua kijana mwenye ulemavu wa akili, wanampiga, wanamfundisha la kusema, wanaliita maungamo. Yule askari anaamini ana jicho la kumtambua mwovu kwa kumtazama tu. Bong hatuchorei shetani mwenye sare. Anatuonyesha mtu aliyechoka, anayependa kazi yake, anayeumia kila mwanamke mwingine anapouawa usiku wa mvua, na anayefanya dhambi hiyo kwa sababu anataka sana iishe. Nilikaa karibu na maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandikisha mtuhumiwa, kwa miaka. Filamu ile siwezi kuiangalia nikiwa na mgeni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata nje ya filamu. Mwaka 2019 vinasaba (DNA) vilimfichua muuaji. Alikuwa gerezani tayari, kifungo cha maisha, kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Akakiri mauaji yote ya Hwaseong. Lakini hakuweza kushitakiwa kwa hayo, ukomo wa muda wa kisheria ulikuwa umepita. Na kulikuwa na mtu mwingine, aliyetiwa hatiani kwa mauaji mojawapo, aliyekaa jela miaka karibu 20 akisema tangu mwanzo kwamba maungamo yake yalitolewa kwa mateso. Alisafishwa na mahakama Desemba 2020.

Mwisho wa filamu, Song Kang-ho anageuka na kutazama moja kwa moja kwenye kamera. Bong alitaka kumtazama muuaji, kama yuko mahali fulani ukumbini. Mimi tangu 2020 naona macho yale yanamtafuta pia yule aliyefungwa bure.

#17 Mchangiaji

Nimesoma nikanyamaza kwanza. Mkuu, hizi riwaya za zamani tunazipata wapi? Vijana wanaziulizia.

#18 Mleta uzi

Za Bwana Msa baadhi zimerudiwa kuchapishwa, ulizeni maduka makubwa ya vitabu Dar, Nairobi na Mombasa. Mtobwa na Musiba pita kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, usiulize jina la kitabu, uliza jina la mwandishi, wao wanapanga hivyo. *Simu ya Kifo* mimi nina nakala moja, imeanza kuachia kurasa, nimeifunga kwa uzi. Siiazimishi, lakini aliye Tanga aje aisome nyumbani kwangu, chai ipo.

Na mwenye *Kosa la Bwana Msa* ya 1984 aniandikie faragha. Nanunua hata kama imeliwa na mchwa pembeni, mradi kurasa za mwisho zipo.

Nawasilisha.